Beki wa Kushoto Anatafutwa

Mvua ya mwezi wa saba ilikuwa imeugeuza uwanja wa reli kuwa shamba la matope, na wanaume wakikosa mpira wa kutazama huwa wanaucheza kwa mdomo. Jumapili ile, tulipotoka kanisani, walikuja kuuchezea nyumbani kwetu landi, mahali walipokaa wafanyakazi wa reli hapa Eldoret.

Walikuwa watatu. Baba yangu, Wangila, alikuwa mnyapara wa gudsheti, ghala la mizigo la stesheni, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa timu ya reli. Wa pili ni Mzee Wanyama, mchochea makaa wa gari moshi, mtu wa kikohozi kikubwa na maneno makubwa kuliko kikohozi. Wa tatu ni Jackson, fundi wa cherehani aliyeshonea barazani kwa Mhindi, aliyejua kila mchezaji kuanzia Kitale mpaka Nakuru, na magonjwa ya kila mmoja.

Mimi Nanzala, binti wa kwanza wa nyumba hiyo, nilikuwa na miaka ishirini na birika la chai mkononi. Nilimimina polepole makusudi ili nisifukuzwe. Kulikuwa na jina moja nililokuwa nikilingojea.

"Makokha ametuua," Baba alisema. "Reli imemhamisha Kisumu, na amekwenda na mguu wake wa kushoto."

"Angetuachia huo mguu tu," Wanyama akasema. "Kisumu angetumia ule mwingine."

"Mnacheka? Krismasi tunacheza kombe, na kushoto hatuna mtu. Semeni majina."

"Tumrudishe Opicho nyuma," Jackson akasema.

"Opicho!" Wanyama alishika kichwa. "Opicho akigeuka, mpira umeshaingia golini, refa ameshapuliza, na watu wameshafika nyumbani wanakula."

"Basi Masinde atoke kulia aje kushoto."

"Na kulia tuweke nini? Kiti?"

"Kuna yule mpishi wa hospitali," Baba alisema. "Ana mguu mzuri."

"Mzuri, lakini Jumapili anapika. Utawaambia wagonjwa wafunge kwa sababu reli inacheza?"

Jackson akaweka kikombe chini. Nilijua sasa jina linakuja.

"Dawa ni ile niliyosema juzi. Kipyego, wa timu ya mbao, kule Turbo."

Nilimimina chai ikafurika hadi kwenye sahani ya Mzee Wanyama. Hakuona.

"Mlimwona siku ile na Stima?" Jackson akaendelea. Stima alikuwa winga wa timu ya kiwanda cha kusindika magome ya miti, na mbio zake zilitajwa hata na watoto. "Alimshika mpaka Stima akawa anarudi nyuma kuomba mpira kwa golikipa wake. Nimemtumia Kipyego habari. Leo anakuja na lori la mbao, atapita hapa."

"Hata kiwanda cha magome wanamtaka," Baba alisema. "Mwezi jana wamevuta wawili kutoka hiyo timu ya mbao. Wakimpata na huyu, Krismasi tukae nyumbani tule ugali."

"Tutampa nini ili aje kwetu?" Jackson akauliza.

"Kazi gudsheti," Baba akasema.

"Kazi anayo."

"Chumba hapa landi."

"Mnandi aache ng'ombe wake aje kulala kwenye moshi wa gari la reli?"

"Viatu vya mpira, basi!"

"Anacheza miguu mitupu," Wanyama akasema, "na ni hiyo miguu mitupu ndiyo Stima anaiogopa. Sikilizeni mimi mzee. Mpeni mke. Mwanaume akioa mahali, hata ng'ombe wake hufuata."

Walicheka. Baba alicheka kuliko wote, akapiga goti lake. "Haki ya Mungu, huyo kijana akija kunizibia upande wa kushoto kabla ya Krismasi, nitampa hata huyu Nanzala wangu!"

Niliweka birika mezani.

"Nimesikia, Baba."

"Umesikia nini?"

"Ulivyosema. Na Mzee Wanyama amesikia, na Bwana Jackson amesikia."

"Wewe mtoto, hayo ni maneno ya mpira."

"Umeapa, Baba. Na mdomo ni ule ule uliotoka kuimba nao kanisani."

Kicheko kilikatika. Nilijua nikinyamaza sasa sitasema tena.

"Mimi na Kipyego tunapendana. Leo haji kwa ajili ya Bwana Jackson peke yake. Anakuja kukuambia. Mimi nimetangulia tu."

Nitasema jinsi ilivyoanza. Nilikuwa nimempelekea Baba chakula gudsheti, nikamkuta kijana mrefu ameketi juu ya mbao, anajaribu kutoa kibanzi kiganjani kwa meno. Nilitoa pini kwenye kitambaa changu cha kichwa nikamwambia alete mkono. Kibanzi kilitoka upesi. Mkono sikuuachia upesi. Aliniangalia, na mimi nikauangalia ule mkono kana kwamba bado kuna kitu ndani. Tangu siku hiyo, kila lori la mbao lilipoingia mjini nilikuwa na sababu ya kupita gudsheti.

Baba alikuwa amebadilika uso. "Mnandi?"

"Baba, sasa hivi ulikuwa unamtafutia chumba."

Mzee Wanyama alipatwa na kikohozi, na nadhani hakikuwa cha makaa.

Baba alikuwa mtu wa kupanga mabehewa. Alijua kila mzigo unaingia wapi. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

"Sawa. Neno langu ni neno langu. Lakini nilisema akija reli kabla ya Krismasi. Akikubali, ni wako. Akikataa, jina lake lisitajwe tena katika nyumba hii."

"Baba, mimi si mshahara wa beki!"

"Wewe ndiye uliyelishika neno. Lishike lote."

Kutoka jikoni sauti ya Mama ikaniita.

Jiko letu lilikuwa kibanda kidogo nyuma ya nyumba. Mama yangu, Tryphosa, alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amesikia yote. Kuta za landi hazikuwa za kuficha kitu.

"Kaa hapo," alisema. Nikakaa juu ya kuni.

"Mama, na wewe unamkataa kwa sababu ni Mnandi?"

"Sijasema hivyo. Watu wetu wamebadilishana nafaka na maziwa na hao tangu zamani, na hakuna aliyekufa." Alitupa kokoto nje. "Mimi namkataa kwa sababu ni mchezaji."

"Kucheza ni kosa gani?"

"Mchezaji ni mtu wa kuvutwa, Nanzala. Huyu akimwonyesha kazi, anakwenda. Yule akimwonyesha viatu, anakwenda. Leo Turbo, kesho reli, kesho kutwa Nakuru. Mwulize mke wa Makokha, hapo mlango wa tatu, kama tangu Kisumu amepata hata salamu. Baba yako na wenzake wanatafuta mtu wa kuziba uwanja. Mimi natafuta mtu wa kukaa."

"Kipyego atakaa."

"Nani amekuambia? Yeye?"

"Mwangalie mwenyewe, Mama. Akija, mwangalie."

"Nitamwangalia," Mama alisema, akakung'uta ungo. "Na nitamsalimia kwa mkono."

Maneno hayo yalinipiga kuliko ya Baba. Kwetu sisi Wabukusu, mama hampi mkono mwanaume atakayemwoa binti yake. Hakai naye chumba kimoja. Akimwona njiani hujifunika na kuingia vichakani mpaka apite, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Wa kupewa mkono ni wageni, wapita njia, wauza kuku.

"Mama, tafadhali."

"Nimesema."

"Na mimi nimesema, Mama. Nitaolewa na huyo au nitakaa hapa na wewe tuchambue maharagwe mpaka tuzeeke."

Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza siku ile nilifikiri ataongea nami kwa upole. Lakini mbele ya nyumba mtu alibisha hodi, na sauti hiyo niliijua.

Kipyego aliingia ameinama, maana mlango wetu ulikuwa mfupi kwake. Koti lilikuwa limelowa, na kwenye nywele zake kulikuwa na vumbi la mbao ambalo hata mvua haikuliweza. Macho yake yalinitafuta, yakanipata karibu na pazia la kuelekea jikoni, yakatulia. Nilitaka kumwonya hata kwa kope. Lakini Mama alikuwa ameshampita Baba, ameshanyoosha mkono.

"Karibu, kijana."

"Asante, Mama." Akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, uso wake ukang'aa. Maskini! Akanitupia jicho la furaha, kama mtu anayesema: unaona, mama yako amenipenda. Mama akavuta kiti, akaketi mbele yake kabisa, akamkazia macho. Nilitamani ardhi ya landi ipasuke.

Jackson alianza kwa sifa, Wanyama akaongeza chumvi, na Baba akamsukumia kikombe cha chai.

"Kijana," Baba alisema, "sisi tumekuita kwa habari ya mpira."

"Najua, Mzee. Lakini mimi nimekuja na mambo mawili, na la kwanza si mpira."

"La kwanza tunalijua. Limeshasemwa hapa na mtu asiyeweza kungoja." Macho yote yakanigeukia. "Mimi nimeyafunga yote mawili kamba moja. Uje reli. Kazi ya gudsheti ipo, chumba kipo. Uingie uwanjani na sisi kabla ya Krismasi. Ukifanya hivyo, leta wazee wako tuzungumze juu ya binti yangu. Usipofanya, kunywa chai, urudi Turbo kwa amani."

Kipyego aligeuza uso akaniangalia, na macho yale nilikuwa nimeyaona mara moja tu, uwanjani, Stima alipokuwa anamjia na mpira, naye amesimama bado hajaamua kwenda au kungoja. Yalikuwa yananiuliza kitu. Nilitaka kusema, kubali, kubali tu! Nani angenilaumu? Lakini nilimwangalia tu kwa moyo wangu wote, nikamwachia aamue kama mwanaume niliyempenda.

"Siwezi, Mzee," akasema.

"Unasema?"

"Wawili wetu walipokwenda kiwanda cha magome, sisi tuliobaki tulikaa kwenye magogo nyuma ya mashine. Tukaambiana, mpaka Krismasi hakuna anayeondoka. Mimi ndiye niliyesema kwanza. Nikiondoka mimi, na wengine wataondoka, na timu imekufa."

"Timu ya mbao!" Jackson alishindwa kujizuia. "Bwana, nyinyi mkifika nusu fainali ni muujiza."

"Tunajua. Tutapigwa. Lakini tutapigwa wote pamoja."

"Na baada ya Krismasi?" Wanyama akauliza.

"Baada ya Krismasi neno langu limekwisha. Naweza kuja reli. Lakini nikija, nitakuja kwa sababu ya mpira. Nanzala nitamwoa kwa sababu ya Nanzala. Hayo ni mambo mawili, Mzee. Siwezi kuyafunga kamba moja."

Baba alisogeza kikombe chake upande. "Kwa hiyo uko tayari kumkosa kwa ajili ya wapasua mbao."

Kipyego aliweka kikombe chini bila kunywa. Akasema polepole, kwa sauti ya chini.

"Siko tayari kumkosa. Nitarudi hapa kuomba tena, na tena, mpaka uchoke na uso wangu. Lakini nikiwaacha wale leo kwa sababu nimeonyeshwa kitu kizuri, Mzee, binti yako atalala vipi? Si atakuwa anajiuliza ni kitu gani kizuri kitanifanya nimwache yeye?"

"Na mimi sitaki beki aliyenunuliwa," nikasema kutoka kwenye pazia. Sauti ilinitoka na machozi pamoja, lakini ilitoka. "Arudi Turbo, Baba. Nitamngoja."

"Nyamaza wewe!"

Ndipo kiti cha Mama kilipolia. Alikuwa amesimama. Hakumwangalia Baba, wala mimi. Alivuta kitambaa cha mabegani, akajifunika kichwa na uso wote mpaka kidevuni. Akageuka akimpa Kipyego mgongo, akapita pazia upesi upesi kama mtu aliyemwona nyoka, tukasikia mlango wa nyuma ukifunguka na miguu yake ikikimbia kwenye mvua.

Kipyego alisimama, amepauka.

"Nimemkosea mama." Alichukua kofia yake. "Sikujua. Mzee, nisamehe, mimi nimekuja na maneno mengi katika nyumba ya watu. Ngoja niende."

"Wangila," Mzee Wanyama alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Umeona?"

"Nimeona," Baba akasema.

Kipyego alikuwa ameshafika mlangoni. Nilimrukia, nikamshika mkono mbele ya wazee wote, ule ule mkono wa kibanzi.

"Keti chini, wewe! Unakwenda wapi?"

"Si mama yako amenikimbia?"

"Amekukimbia, ndiyo! Kwetu mama humkimbia mkwe tu!"

Alinitazama kama mtu anayesikia lugha mpya. "Na ule mkono alionipa nikiingia?"

"Ule ndio ulikuwa wa kukufukuza."

Wanyama alicheka mpaka makaa ya miaka yote yakamtoka kifuani. Hata Jackson alipangusa macho. Baba peke yake hakucheka. Alikwenda kwenye dirisha, akaita kwa sauti ya gudsheti.

"Mama Nanzala! Rudi hapa tuzungumze!"

Sauti ya Mama ilijibu kutoka jikoni kwa mke wa Makokha, na landi nzima ikasikia.

"Nitarudije, na mkwe wangu yuko ndani?"

Baba alishika kingo za dirisha. Alijua, na sisi sote tulijua, kwamba mama aliyeshajifunika mbele ya watu hawezi kujifunua kesho aseme alikuwa anatania. Hakuna mzee wa ukoo wetu angemsikiliza Baba akijaribu kulivunja hilo kwa sababu ya mpira.

"Mwanamke huyu," akasema hatimaye, "amehama timu bila hata kuniaga."

Akarudi, akaketi kwa uzito. Alimtazama Kipyego kuanzia kofia mpaka miguu, na nadhani alikaa zaidi kwenye miguu.

"Baada ya Krismasi utakuja kweli?"

"Nimesema, Mzee."

"Usinijibu haraka. Lete wazee wako kwanza. Mambo ya ng'ombe hayazungumzwi na kijana aliyelowa." Kisha, kana kwamba amelitua gogo lililokuwa begani, akageuka. "Haya, Jackson. Mpaka Krismasi, kushoto tunaweka nani?"

"Opicho," Jackson akasema kwa huzuni.

"Mungu atusaidie," Wanyama akajibu, na wakaanza upya.

Nilimsindikiza Kipyego mpaka lilipokuwa lori. Hakuna aliyenikataza. Mvua ilikuwa imepungua, matope yakanishika viatu, naye akawa anapunguza hatua zake ndefu ili nisibaki nyuma. Tulipita mlango wa mke wa Makokha, na nyuma ya dirisha nikaona kitambaa kikishushwa haraka. Kipyego naye aligeuza uso upande wa pili, kwa adabu. Alikuwa ameshaanza kujifunza.

"Niliogopa," aliniambia. "Niliposema siwezi, niliogopa kukuangalia."

"Mimi niliogopa utasema ndiyo."

Alisimama. "Kweli?"

"Kidogo. Na kidogo niliogopa utasema hapana."

Alicheka, akanipangusa tone la mvua kwenye shavu kwa kidole gumba kigumu kama gome. Dereva alipiga honi, hakuna aliyesogea.

"Krismasi huenda tukakutana na reli," akasema. "Baba yako atakuwa pale."

"Na mimi nitakuwa pale."

"Utashangilia nani?"

"Reli. Nimezaliwa landi."

"Hata mimi nikiwa uwanjani?"

"Hata wewe ukiwa uwanjani." Nilimshika kola ya koti, nikamvuta akainama mpaka macho yetu yakawa sawa. "Sasa nisikilize vizuri. Najua utafikiri. Utasema, Mzee Wangila amekasirika, wacha nimwachie winga wake apite mara moja, moyo wake ulainike. Ukifanya hivyo nitajua, Kipyego. Macho yako nayajua. Wazee wako wakija na ng'ombe wao watakuta mlango umefungwa, na aliyeufunga ni mimi, si Baba."

Aliniangalia kwa muda mrefu, vumbi la mbao kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

"Hatapita," akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi nenda," nikamwambia, nikaiachia ile kola. "Wenzako wanakungoja."